Shahada ya Uzamili Haiombwi kwa Usiku Mmoja

Kila mwaka vijana wetu waliohitimu shahada ya kwanza hutuma maombi ya masomo ya uzamili, wengine Makerere, wengine ng'ambo. Wanaokataliwa hunung'unika kwamba nafasi hizo zimewekewa watoto wa wakubwa. Hatusemi kwamba upendeleo haupo duniani. Lakini ombi lililoandikwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho huanguka lenyewe, bila ya kusukumwa na mtu.

Tuchukue mfano wa Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanzishwa mwaka 1983, ambao Waganda nao huruhusiwa kuuomba. Mwombaji sharti awe amefanya kazi kwa muda wa saa 2,800, yaani kama miaka 2, na akubali kurejea nchini kwake kwa miaka 2 baada ya masomo. Tena, kuomba ufadhili si kuomba nafasi chuoni: hayo ni maombi mawili mbalimbali, na asiyelijua hilo aweza kupata moja akakosa jingine. Ombi la ufadhili huo halilipiwi ada. Yeyote anayedai fedha ili "akupitishe" ni laghai.

Moyo wa ombi ni insha. Kijana akiandika kwamba yeye ni mchapa kazi na kiongozi bora, hajathibitisha lolote, kwa maana kila mwombaji asema hivyo. Lakini bwana shamba aliyeshughulika na mnyauko wa mibuni, ugonjwa ulioanza kuiangamiza robusta ya Uganda mwaka 1993, analo la kusema. Na aeleze alichokiona shambani, swali lililomshinda kwa elimu aliyo nayo, na sababu ya kuamini kwamba wataalamu wa chuo alichokichagua waweza kumsaidia kulijibu. Insha ya namna hiyo haiwezi kunakiliwa kwa jirani.

Kuhusu barua za mapendekezo, wengi hukimbilia wenye vyeo. Barua ya mheshimiwa asiyekujua ni sifa tupu. Mhadhiri aliyesahihisha tasnifu yako ataeleza jinsi unavyofikiri. Mwendee mapema, walau mwezi mmoja kabla, ukiwa na muhtasari wa maisha yako na rasimu ya insha. Si adabu kumtaka mzee aandike barua kesho asubuhi.

Hatimaye, hati. Jina lililomo katika cheti cha shule, hati ya matokeo ya chuo na pasipoti na liwe moja. Aliyeitwa Okello Peter shuleni na Peter Okello chuoni, kisha akaongeza jina la tatu katika pasipoti, na amwendee wakili mapema, kwa kuwa marekebisho ya majina huchukua muda.

Ndugu vijana, nafasi hizi si za mtu binafsi tu. Nyuma ya kila mwombaji wamo wazazi waliouza ng'ombe ili asome, na mkulima ambaye mibuni yake yaendelea kukauka. Anayezembea huwapotezea hao wote mwaka mzima. Kwa hiyo basi, asiyengojea tangazo ndiye aliye tayari linapotoka. Mwenye nia na aanze na insha yake wiki hii.