Kwa nini wengine humaliza chuo na wengine hurudi nyumbani?

Mama mmoja alitupigia simu studio wakati wa kipindi. Aliuza ng'ombe wawili ili mwanawe aende chuo kikuu, na mkopo wa serikali kijana akapata. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha, akarudi nyumbani na begi lake. "Pesa ilikuwepo," mama alisema. "Sasa kilichomshinda ni nini?" Tuliahidi kumjibu.

Pesa ina nafasi yake. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, haimpi kila mwombaji, na anayepata si lazima alipiwe gharama zote. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi huiita bumu, huja kwa awamu. Ikiisha mapema, kijana hulala njaa.

Lakini wapo wenye pesa wanaoondoka, na wapo wanaokula mlo mmoja wanaobaki. Mwaka 1975 mtaalamu wa Marekani, Vincent Tinto, alitoa maelezo yanayotumika hadi leo. Alisema mwanafunzi hushikiliwa na mambo mawili: kuyamudu masomo, na kuwa na watu pale chuoni anaojiona ni wenzake. Yote mawili yakikosekana, ni rahisi kuondoka.

Hebu tumfikirie kijana aliyekuwa wa kwanza katika shule ya kata. Chuoni anaketi ukumbini na mamia ya wenzake, na wengi wao nao walikuwa wa kwanza kwao. Somo linakwenda kwa Kiingereza, haraka. Jaribio la kwanza anapata alama za chini. Anaona aibu, anajifungia chumbani. Akipata sapu, yaani mtihani wa marudio, hamwambii mtu. Kumbe sapu si kufukuzwa, na wapo wengi walioipata na wakahitimu.

Tinto naye alikosolewa. Alidhani mwanafunzi lazima kwanza aachane na maisha ya kwao ndipo aizoee jamii mpya. Wengine wakaonyesha kwamba familia iliyo karibu naye humpa nguvu ya kubaki.

Hapo ndipo mzazi anapoingia, hata akiwa mbali. Mpigie simu, hasa miezi ya kwanza. Usiulize matokeo tu. Uliza, "Unasoma na nani? Umekula?" Mwambie mapema kwamba akifeli somo, nyumbani bado ni kwao. Mhimize ajiunge na kikundi cha kujisomea, na akielemewa aende ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Ofisi hiyo ipo kwa ajili yake.

Na akishindwa kabisa kuendelea, kwa ugonjwa au msiba, asiondoke kimya. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha masomo kwa sababu za msingi. Aandike barua na asubiri jibu la chuo. Anayetoweka bila taarifa huhesabiwa ameacha.

Mama, kabla ya kumlaumu kijana, keti naye umuulize: uliaga chuoni, au uliondoka tu? Kama aliahirisha rasmi, nafasi yake huenda bado ipo. Kama hakuaga, bado aende ofisi ya udahili, aeleze yaliyomkuta na aulize njia ipi imebaki. Nauli ya kwenda kuuliza ni ndogo kuliko ng'ombe wawili.