Yeye anataka 175, wewe unataka 125: pikipiki ni ya nani?

Tumezoea kusikia wanandoa wamenuniana kwa sababu ya simu, mawifi au hela ya kodi. Mwezi huu nawaletea ugomvi wa cc 50. Msicheke! Ugomvi huo ulimfanya mdogo wangu amnyime mumewe salamu kwa siku tatu, na mimi nikapigiwa simu na wote wawili, kila mmoja anataka nimwambie mwenzake kwamba amekosea.

Wanaishi Katoro, mkoani Geita. Shemeji ni fundi wa karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu: leo yuko Rwamgasa, kesho Nyarugusu, keshokutwa wanamtafuta hawampati. Mdogo wangu ni muuguzi kwenye zahanati ya kijijini, mbali na lami. Walikuwa wamedunduliza kwa mwaka mzima, yeye kupitia kikoba na mume kupitia kazi zake za migodini. Pesa ikawa fungu moja. Wakapata pikipiki mbili za mkononi za kuchagua, zote Yamaha DT. Moja 125, nyingine 175.

Utaniuliza, kwa nini wasinunue tu pikipiki za kawaida za bodaboda? Swali zuri. Zile ni za mipigo minne, hazili mafuta sana na spea zake ziko kila kona. Kama njia yako ni lami na changarawe nzuri, nunua hiyo ulale usingizi. DT ni mnyama mwingine. Ukoo wake ulianza na DT-1 ya cc 250 mwaka 1968, na majina ya DT125 na DT175 yakaja mwaka 1974. Imeinuka juu, springi zake ni ndefu, na injini yake ni ya mipigo miwili. Injini ya namna hiyo inawaka kila krenki inapozunguka mara moja, wakati ya mipigo minne inawaka kila baada ya mizunguko miwili. Ndiyo maana ni nyepesi lakini ina vurugu! Gharama yake ni kwamba inachoma oili pamoja na petroli, na moshi utauona.

Sasa hizi mbili. Ukiziweka pamoja utadhani ni mapacha. Hata mpigo wa pistoni ni mmoja, milimita 50. Tofauti ni upana wa silinda: milimita 56 kwa 125 na milimita 66 kwa 175. Ukipiga hesabu unapata cc 123 na cc 171, yaani kubwa inaizidi ndogo kwa karibu asilimia 39. Kwenye karatasi ni kitu kidogo. Kwenye tope ni habari nyingine kabisa.

Sisi tuliokulia Shinyanga tunalijua tope. Wasukuma wana majina ya udongo wao: luseni ni ule wa kichanga, mbuga ni ule mweusi wa bondeni. Mbuga ikinywa maji inavimba, inanata kwenye tairi mpaka inajaza nafasi yote chini ya madigadi. Hapo 175 inavuta hata injini ikiwa inazunguka taratibu. Ile 125 inakutaka uwe macho: shusha gia, weka resi juu, usiachie. Ukizubaa inazima, na wewe umesimama katikati ya dimbwi na viatu vyako vya kazini. Ukiongeza mtu wa pili kwenye siti, tofauti inakua zaidi. Kwa hiyo shemeji hakuwa anaota. Anabeba mikanda ya mashine, spana, wakati mwingine na msaidizi wake. Na alikuwa na hoja ya mapenzi pia: “Dada, nataka niweze kumbeba mke wangu bila kuhangaika.”

Mdogo wangu akajibu kwa swali moja tu: “Na wewe ukiwa Nyarugusu, mimi nabebwa na nani?”

Kimya.

Maana muuguzi wa kijijini anaitwa saa nane usiku. Mama ana uchungu, na anayekuja kugonga dirisha hajui ratiba za karasha. Miezi yote hiyo mdogo wangu alikuwa akilipa bodaboda, akimpata. Shemeji alikuwa anachagua pikipiki ya mtu mmoja mwenye abiria. Mke alikuwa anachagua pikipiki ya madereva wawili. Wangeweza kubishana juu ya cc mpaka masika yaishe bila kuelewana.

Basi wakaenda kuzijaribu zote mbili, na naomba wanaume wanaosoma hapa wasikilize: mwache mwenzako apige kiki mwenyewe. Siti za DT zote ziko juu, na mdogo wangu si mrefu. Kwenye zote mbili aligusa chini kwa vidole. Lakini kiki ya 175 ni nzito, pistoni pana inakataa. Alipiga mara sita. Ya 125 iliwaka mara ya pili.

Wakachukua 125. Kisha fundi akabadilisha sproketi ya nyuma, akaweka yenye meno mengi zaidi. Inapoteza mwendo kasi, lakini inavuta vizuri zaidi kwenye gia za chini. Nani anahitaji kukimbia kwenye mbuga? Siku za mzigo mzito shemeji anakodi boda, na bado analalamika. Ingekuwa dereva ni mmoja na kila siku wanapanda wawili, mimi mwenyewe ningewaambia wachukue 175.

Kama na nyinyi mnawinda DT, ikuteni injini ikiwa ya baridi, msikubali iliyowashwa kabla hamjafika. Linganisheni namba ya injini na ya fremu na zilizo kwenye kadi. Ulizeni bloku imechongwa mara ngapi, kwa sababu kila ikichongwa inahitaji pistoni ya saizi kubwa zaidi, na saizi zina mwisho. Oili ina tangi lake na pampu yake. Ikiisha, petroli inaendelea kwenda na pikipiki inaendelea kutembea, mpaka inoki. Petroli ya chupa yenye harufu ya mafuta ya taa, iacheni. Kwenye mteremko injini hii haikushikilii sana, tumieni breki. Leseni nayo: inayozidi cc 125 inataka daraja A, iliyo chini ya hapo ni A1.

Kadi imeandikwa jina la mdogo wangu. Hilo nalo lilikuwa na mjadala wake, mrefu kuliko wa cc, na sikualikwa. Nilichoona nilipowatembelea ni kofia ngumu mbili ukutani na chupa ya oili chini yake. Shemeji anakagua oili Jumapili, mdogo wangu Jumatano, na hakuna anayemwamini mwenzake.