Vidonge vya kufukuza nondo ni hatari kwa mtoto mchanga

Ukitoa sweta ya sufu sandukuni na kuikuta ina vitundu, usimlaumu nondo anayezunguka taa. Nondo wa nguo aliyekomaa hali kitu, na tena hukimbia mwanga. Mharibifu ni mtoto wake, kiwavi mdogo mweupe anayejificha gizani kwenye mikunjo ya nguo.

Chakula cha kiwavi huyu ni sufu, nywele na manyoya. Pamba safi haimvutii, lakini nguo yenye jasho au madoa ya chakula humvuta.

Jamaa zake ni wengi. Wamo vipepeo, nondo ambaye kiwavi wake hutupa hariri, na wale viwavijeshi kutoka bara la Amerika walioingia Kenya mwaka wa 2017 na kushambulia mahindi. Jamaa wa karibu zaidi ni kiwavi atambaaye ukutani akiwa ndani ya kifuko bapa cha kijivu. Huyu na nondo wa nguo hawaumi mtu wala hawaenezi ugonjwa.

Hatari imo katika vile vidonge vyeupe vya kuwafukuza. Vingi hutengenezwa kwa naftalini, ambayo hugeuka kuwa mvuke. Mtoto akivuta mvuke huo kwa wingi, au akimeza kidonge akidhani ni peremende, chembe nyekundu za damu yake zaweza kuvunjika. Walio hatarini zaidi ni waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinacholinda chembe hizo. Upungufu huu huonekana zaidi kwa jamii za sehemu zenye malaria, kama vile Pwani na kando ya Ziwa Victoria, na huwaathiri wavulana kuliko wasichana. Wengi wanao bila kujua.

Mtoto mchanga akiathirika hupata ugonjwa wa manjano, ambao ukizidi huweza kudhuru ubongo. Ukiona macho yamekuwa manjano, mkojo ni wa rangi ya chai au mtoto anakataa kunyonya, mpeleke hospitali mara moja. Mweleze daktari kwamba mnatumia vidonge hivyo.

Kwa hivyo, usiweke nguo, shali wala blanketi za mtoto pamoja na vidonge vya nondo. Zifue, zianike juani, kung'uta mikunjo, kisha uzihifadhi katika chombo chenye kifuniko kinachobana. Nondo hana nafasi katika nguo safi iliyofungiwa vizuri.