Kwa Nini Sikio, Si Mkono

Bibi akisujudu, kichwa chake hushuka taratibu hadi kwenye mkeka. Akiteleza bafuni, kichwa hichohicho huporomoka, hugonga, kisha hutulia tuli. Kifaa kidogo cha sikioni kimefundishwa kutofautisha mambo hayo mawili. Ndani yake mna kihisi cha mwendo kinachosubiri dalili tatu zifuatane: mwili kupoteza uzito kwa muda usiofika sekunde moja, kishindo, halafu kimya. Zikitimia, simu ya mwanawe inaita.

Si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, wengi wao wakiwa na umri wa zaidi ya miaka 60.

Saa ya mkononi nayo hutambua kuanguka, ila mkono hautulii: hukanda unga, hufukuza nzi, hupungia jirani. Kichwa kina adabu zaidi. Tena vidole vya mzee aghalabu huwa baridi na hutetemeka, ilhali sikio hupata damu kutoka mshipa mkubwa wa shingoni. Taa ndogo ikimulika ngozi ya sikio, kila moyo unapodunda damu hujaa na kumeza mwanga zaidi. Kifaa huhesabu mafifio hayo, na hayo ndiyo mapigo ya moyo.

Wazo lenyewe la kupima damu kwa kumulika sikio ni la zamani. Miaka ya 1940, Mmarekani Glenn Millikan alibuni kipimo cha oksijeni cha kubana sikioni kwa ajili ya marubani wa kivita.

Mwanga huo, hata hivyo, una upofu wake. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa vipimo vya oksijeni vya kidoleni vilishindwa kuona upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Kwa hiyo kifaa chochote cha mwanga kitakacholetwa kwetu tukiulize kwanza: kilijaribiwa kwenye ngozi ya nani?

Mwaka 2018 kampuni ya Starkey ilizindua Livio AI, kifaa cha kusaidia kusikia chenye vihisi vya mwendo. Hapo, kwenye kuunganisha usikivu na ulinzi, ndipo penye busara. Kidude cha dharura cha kuvaa shingoni humkumbusha mzee kuwa anachungwa, naye hukitundika msumarini. Hiki cha sikioni atakitafuta mwenyewe asubuhi, kwa sababu bila hicho hasikii adhana wala wajukuu. Moyo wake utapimwa huku yeye akisikiliza taarabu.