Kuandikishwa Si Kubarikiwa

Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba serikali ilikosa ilipokataa kuandikisha chama cha kutetea haki za watu wapendanao wa jinsia moja. Viongozi wa makanisa na wa misikiti waliipinga hukumu hiyo kwa nguvu. Sisi tuliosomeshwa na wamisheni twaijua huzuni yao, wala hatuidharau. Lakini yafaa kwanza tujue ni neno gani lililoamuliwa.

Mahakama haikuhalalisha tendo lo lote. Vifungu vya 162 na 165 vya Sheria ya Adhabu, vilivyorithiwa kwa mkoloni, viliachwa na Mahakama Kuu mwezi Mei 2019, na hukumu ya 2023 haikuvifuta. Wala hakuna padre au shehe aliyeamriwa kufungisha ndoa. Swali lilikuwa hili: Kifungu cha 36 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kila mtu ana haki ya kujiunga na wenzake, je, “kila mtu” ni kila mtu? Shauri lilianza baada ya jina la chama hicho kukataliwa mwaka 2013. Mahakama Kuu mwaka 2015, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilijibu: Ndiyo.

Wafanyakazi, hasa, wasilione jambo hili kuwa la wengine. Mwaka 1949 Makhan Singh na Fred Kubai waliunda mjini Nairobi shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika ya Mashariki. Serikali ya kikoloni ilikataa kuliandikisha. Mwaka 1950 wote wawili walikamatwa, wakashtakiwa kwa kuongoza chama kisichoandikishwa. Kalamu ya mwandikishaji ilitosha kumgeuza mtetezi wa mshahara kuwa mhalifu.

Twasema basi: dini ina mimbari yake, na ihubiri bila woga, Katiba hiyo hiyo yailinda. Lakini daftari la serikali si daftari la ubatizo. Kumwandikisha mtu si kumbariki. Ni kukiri tu kwamba naye ni raia. Tukimpa mwandikishaji ruhusa ya kumkataa mtu kwa kuwa wengi hawampendi, leo atamkataa huyu, na kesho atamkataa aombaye nyongeza ya mshahara.

Mwenzio akinyolewa, wewe tia maji.