Wizi wa kitaaluma: kunakili, kunukuu na kughushi

"Wizi wa kitaaluma" (pia "wizi wa maandishi") ni kitendo cha mtu kutoa kama yake maneno, data au hoja za mwingine pasipo kumtaja. Istilahi hii huchanganywa mara nyingi na "kughushi", ilhali vitendo hivyo huelekea pande tofauti: mwenye kughushi hubandika jina la mwingine kwenye kazi aliyoitengeneza yeye, mwizi wa kitaaluma hubandika jina lake kwenye kazi ya mwingine. "Kunakili" peke yake si kosa, kwa kuwa kila anayenukuu hunakili kwanza. "Kudesa" ni neno la wanafunzi. Halifai katika barua ya mhariri.

Kiha, lugha ya Kibantu ya Kasulu na Kibondo iliyo jirani sana na Kirundi, hakina machapisho mengi. Mwaka 2004 Lotta Harjula alichapisha The Ha Language of Tanzania, kitabu chenye sarufi, matini na msamiati. Mwanafunzi wa Kasulu anayeandika kwa Kiswahili kuhusu ngeli za Kiha hana budi kukipitia. Tuseme anafasiri aya nzima na kuacha jina la mwandishi. Programu ya kulinganisha matini huenda isione lolote, maana hakuna sentensi inayofanana. Hata hivyo ni wizi: kilichochukuliwa ni uchambuzi.

Wapo wasemao kwamba Muha hawezi kuiba lugha yake mwenyewe. Hoja hiyo ina mvuto, lakini haisimami. Maneno ni ya Waha wote. Mpangilio wa ngeli, alama za toni na uteuzi wa mifano ni jasho la mchambuzi. Akikusanya mifano yake kwa wazee wa Kibondo, deni linahamia kwa wazee hao, nao watajwe wakiridhia. Kwa wakimbizi waliohojiwa katika kambi za Nyarugusu au Nduta, jina laweza kufichwa kwa usalama wao. Huko ni kumlinda msemaji, mradi maneno yake yasigeuzwe kuwa ya mtafiti.

Kinga huanzia kwenye daftari: alama za mtajo na namba ya ukurasa ziandikwe siku ileile ya kusoma. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 huruhusu kunukuu chapisho kwa kutaja chanzo. Hakimiliki, hata hivyo, hufikia ukomo. Wajibu wa kutaja hauna ukomo.

Tuhuma ikizuka, utaratibu wa kamati ya maadili ya uchapishaji COPE, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997, humtaka mhariri alinganishe matini mbili, kisha amwandikie mwandishi na kusikiliza maelezo yake kabla ya kuamua. Mfanano mdogo wa uzembe huweza kumalizwa kwa sahihisho. Ulio mkubwa husababisha mswada kukataliwa, au makala iliyokwisha kutoka kubatilishwa. Wafasiri waepuke "kufutwa" hapa: makala iliyobatilishwa kwa kawaida hubaki ikisomeka, ikiwa na tangazo linaloeleza sababu.