KIFAFA: BREKI ILIYOMO UBONGONI

Kasulu na Kibondo baridi ikishika, watu huota moto. Je, mwenzako akianguka kifafa hapo motoni, utamwokoa au utakimbia? Wengi hukimbia, eti povu linaambukiza. Si kweli! Kifafa hakiambukizi.

Kifafa humshika mtu pale seli za ubongo zinapofyatua umeme kupita kiasi, zote kwa mpigo. Sasa mbona baada ya dakika moja au mbili mwili hutulia wenyewe? Ubongo una breki zake.

Mwaka 1975, John Hughes na Hans Kosterlitz wa Aberdeen, Uskochi, walitangaza kwamba ubongo hujitengenezea kemikali zinazofanya kazi kama mofini, ile dawa ya maumivu makali. Waliziita enkefalini. Baadaye ikapatikana ndugu yao, dinofini. Kifafa kikianza, kemikali hizi humwagika. Dinofini hupunguza umeme, na huenda zikachangia ule usingizi mzito unaofuata.

Lakini usizitegemee! Panya wa maabara walipodungwa enkefalini ubongoni, umeme ulizidi badala ya kupungua. Ndiyo maana mgonjwa humeza dawa, mfano fenobabito, kila siku, hata kama hajaanguka miezi mingi. Kuacha ghafla ni hatari.

Na wewe je? Mwondoe kwenye moto au maji. Mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni. Akisinzia, mwache alale, ila usimwache peke yake. Kifafa kikizidi dakika 5, mkimbizeni hospitali.